Siku Wakaguzi Walipokunywa Kahawa Kwetu

Watu wa kwetu walipenda kusema wanakaa Goma. Uongo mtupu. Goma yenyewe, miaka ile ya hamsini, ilikuwa mitaa michache ya Wazungu kando ya ziwa, na sisi tulikuwa mwendo wa saa nzima kutoka huko, upande wa Ndosho, katikati ya mawe meusi na maharage. Lakini mkute mtu wa kwetu njiani, matope hadi magotini, jembe begani, umuulize anatoka wapi. "Natoka mu ville," atakujibu, yaani mjini, uso ameuinua kama askofu. Kisha anaingia shambani kwake kupalilia.

Nimeishi kati yao na sikuwapenda. Sasa nimezeeka, wengi wao wamekwisha kufa, na bado siwapendi. Nasema mapema ili asiyetaka kunisikia aende zake.

Walikuwa wakulima hodari, hilo siwanyimi. Udongo kwetu ulikuwa haba, maana volkano ilikuwa imemwaga mawe kila mahali. Wanawake walibeba udongo kwa vikapu kutoka mabondeni, wakaumimina kwenye mashimo kati ya mawe, kidogo kidogo, mpaka shimo likaweza kushika mbegu tatu za maharage. Mama yangu alilitengeneza shamba lake lote namna hiyo, kwa kichwa chake na mgongo wake. Ungedhani watu wenye kazi kama hii wangejivunia. Wapi! Waliionea haya. Walichojivunia ni vitu walivyovichungulia kwa Wazungu: saa ya mkononi isiyotembea, kalamu kwenye mfuko wa mtu asiyejua kuandika, viatu vinavyobebwa mkononi hadi mlangoni mwa kanisa na kuvaliwa pale pale, mbele ya watu wote, kwa taratibu, ili waonekane.

Tena waliogopana. Sisi tulitoka Masisi, wengine walitoka Rutshuru, wengine walishuka kutoka Butembo na mizigo yao ya biashara, na kila kundi lilijua kwa uhakika kwamba kundi jingine ndilo linalotia sumu. Jumapili walipiga magoti pamoja, Jumatatu hawakuaminiana hata kwa kikombe cha maji. Ndiyo maana ilikuwako sheria: anayekupa kinywaji anywe kwanza yeye, mbele ya macho yako, halafu akupe. Tuliita kuondoa sumu. Wala haikuwa kazi ya mtu yeyote tu. Ilikuwa kazi ya mama mwenye nyumba, kwa sababu chungu ni chake na lawama ni yake. Mgeni akitoka kwako bila kunywa, kesho yake ufukoni Kituku, wanawake wakichota maji ya ziwa, itasemwa kwamba mama wa nyumba ile anaua watu. Nilipokuwa na miaka saba niliona mwanamke mmoja akifukuzwa kwa neno hilo, na mtoto mgongoni, akitupiwa mawe. Mawe kwetu hayakukosekana. Katekista wetu alikuwa mbele ya msafara, na Jumapili iliyofuata alitufundisha amri ya mapendo.

Baba yangu alikuwa karani wa agronomi, yaani yule Mzungu wa serikali aliyetulazimisha kulima hiki na kile, kwa vipimo vyake. Baba alitembea nyuma yake na daftari, akiandika nani hakupalilia, ili mtu huyo apigwe fimbo. Alikuwa akiandika majina ya watu waliolima kuliko yeye, yeye ambaye hakuweza kutofautisha jani la harage na gugu. Nilimwona siku moja shambani kwa mama anang'oa miche, anadhani anasaidia. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakurudi tena shambani humo.

Kiu yake kubwa ilikuwa karte. Siku zile serikali ilitoa kadi kwa wale iliowaona wameendelea. Walijiita waevolue, watu waliokwisha kuendelea, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tumekaa chini njiani. Mwenye karte hakupigwa fimbo. Aliweza kununua divai dukani. Kanisani alikaa benchi la mbele na mke wake. Na mtoto wake aliweza kuingia shule ya masista, ile ya Kifaransa, badala ya shule yetu ya misheni, ambako msichana alifundishwa kusali, kufuma na kupanda viazi, akarudishwa nyumbani.

Lakini karte haikutolewa hivi hivi. Kwanza wakaguzi walikuja nyumbani kwako. Waliangalia kama unalala kitandani na shuka, kama unakula mezani kwa uma na kisu pamoja na mke wako, kama choo chako kina mlango. Waliangalia hata ndani ya sufuria. Mtu mzima, baba wa watoto, alisimama kando huku kijana wa Kizungu akifunua godoro lake, na akasema asante. Mpaka leo nikikumbuka nataka kutema mate.

Habari zilipofika kwamba wakaguzi watakuja kwetu, mtaa mzima ulipandwa na wazimu. Kwa kawaida jirani zetu hawakuazimana hata moto. Lakini sasa walikuja wenyewe, maana kila mmoja alitaka kusema baadaye kwamba kiti chake kilikaliwa na Mzungu. Mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo alileta kitambaa cha meza na vikombe sita, akakaa navyo saa nzima akitueleza namna ya kuviosha. Uma zilitoka nyumba nne tofauti, hakuna iliyofanana na mwenzake. Katekista alileta picha ya mfalme wa Wabelgiji katika fremu, akaipigilia msumari yeye mwenyewe ukutani kwetu.

Kilichobaki kisichofaa ni mama.

Mama hakujua Kifaransa. Hakuvaa viatu, miguu yake ilikuwa imepasuka kwa mawe na hakuna kiatu ambacho kingeingia. Kucha zake zilikuwa nyeusi, na hata akizisugua kwa majivu zilibaki vile vile. Nilimsikia katekista akimwambia baba, uani kwetu, bila hata kupunguza sauti: "Na mwanamuke huyu, wataona haujaendelea." Kisha akatoa shauri lake. Alikuwa na dada mdogo, hajaolewa, aliyesoma kwenye fwaye ya masista, mahali ambapo wanawake walifundishwa kupiga pasi, kushona na kumkaribisha mgeni. Alikuwa na gauni jeupe na viatu vya kisigino. Kwa nini asikae yeye mezani siku hiyo?

Waliazima viti, waliazima uma, sasa wakaazima mke. Na hakuna mtu hata mmoja katika mtaa ule mtakatifu aliyeona ubaya. Walisema ni akili.

Baba alimwambia mama jioni, wakati anachambua maharage. Nilikuwa nimekaa karibu yake.

"Mama mutoto, ni siku moja tu."

"Na miye nitakuwa wapi?"

"Mu jikoni. Nani atapika kahawa? Ule hawezi kuwasha moto na ile robe yake nyeupe."

"Nitakuwa nani mu hiyo jikoni?"

Baba alinionyesha mimi kwa kidole. "Tukipata karte, huyu anaingia mu shule ya masere. Ama unataka akuwe kama wewe?"

Mama alinitazama. Halafu akaendelea kuchambua maharage yake, akasema, "Siku moja."

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na sikuhuzunika hata kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuwaona watoto wa shule ya masista wakipita kwa mstari, soksi nyeupe, na nilizitaka zile soksi kuliko mbingu. Tena yule dada wa katekista alinukia poda. Baba alinifundisha kila siku baada ya kula. Alikaa kitini akijifanya Mzungu, akauliza kwa sauti nzito, "Mutoto, mama yako ni nani?" nami nikanyoosha mkono kwa dada wa katekista na kusema, "Maman." Kifaransa, si Kiswahili. Mara ya kwanza niliona aibu, sauti ikatoka ndogo. Ni mama mwenyewe, akiwa amechuchumaa mlangoni anamenya viazi, aliyeniambia, "Sema kwa nguvu, wasikie." Nikasema kwa nguvu. Baada ya siku tatu nilikuwa mwanafunzi bora.

Siku yenyewe ilipofika, majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wa mawe tangu asubuhi kama watu wanaosubiri msafara wa Sakramenti. Wakaguzi walikuwa watatu. Kijana wa Kizungu wa ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, mwenye nywele nyekundu na daftari. Padri, ambaye alichoka kabla ya kuingia. Na mzee mmoja mkubwa wa ukoo wa kichifu, aliyevaa koti juu ya kitambaa chake, ambaye serikali ilimweka hapo ili ionekane kwamba sisi weusi tunajihukumu wenyewe.

Walikagua. Kijana alifunua godoro. Alihesabu shuka. Alikwenda chooni akarudi ameridhika na mlango, ambao baba aliung'oa kwenye chumba chetu cha kulala usiku uliotangulia. Aliniuliza swali langu, nami nikanyoosha mkono, nikasema, "Maman," vizuri kabisa, na dada wa katekista akaniwekea mkono begani kana kwamba alinizaa kwa uchungu. Baba alitoa jasho la furaha.

Kisha wakaketi kunywa kahawa. Kahawa tulilima miaka yote, kuinywa hatukujua. Mama aliichemsha jikoni, kijumba cha nyuma, kwa maagizo ya baba, na dada wa katekista akaenda kuichukua, akaileta kwenye sinia, akamimina kwa mgeni mmoja mmoja kama alivyofundishwa: upande wa kulia, bila kumwaga, bila kugusa mdomo wa kikombe. Kugusa mdomo wa kikombe cha mgeni ni ushenzi. Masista walikuwa wamemwambia hivyo na yeye aliamini.

Kijana alikunywa. Padri alikunywa. Mzee aliweka mikono yake magotini, akatazama kikombe chake.

"Kunywa, muzee," alisema kijana.

"Nitakunywa," mzee akajibu, na hakunywa.

Kila mtu mweusi aliyekuwa pale alielewa, ndani na nje ya dirisha. Hakuna aliyeondoa sumu. Baba alielewa, lakini angefanya nini? Angemwambia mwanamke aliyesoma fwaye aonje kikombe cha watu mbele ya Mzungu, aonekane mshenzi, karte iende? Akajifanya haoni. Dada wa katekista alitabasamu tu, kama picha. Nje, majirani walisogelea dirisha zaidi. Nilijua wanachofikiri. Walikuwa tayari wanachagua maneno watakayosema kesho Kituku, na hayakuwa juu ya dada wa katekista. Kikombe kile kilitoka kwenye moto wa mama yangu.

Naye mama alikuwa anaona yote kupitia mlango wa nyuma.

Aliingia. Miguu mitupu, kitenge cha shamba, majivu mikononi. Hakumtazama mtu. Alipiga magoti mbele ya mzee, akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akapangusa mdomo wa kikombe kwa kiganja, akampa. Mzee alikipokea naye kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka mwisho.

Ilikuwa heshima pekee iliyotokea nyumbani kwetu siku ile, na ilitaka kumwaga kila kitu. Kijana wa Kizungu alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Mwanamuke ile ni nani?" alimuuliza baba.

Baba alifungua mdomo. Mtu aliyeandika majina ya wenzake kwa miaka minane hakupata neno. Akisema ni mke wangu, dada wa katekista ni nani? Akisema ni jirani, jirani gani anaingia kwa mlango wa nyuma na kunywa kahawa ya wageni? Katekista, pale dirishani, aliona msumari wake ukutani unapendeza sana kuutazama. Kijana akanigeukia mimi. Wazungu wale waliamini kwamba mtoto mweusi hadanganyi, bado hajafika umri wake.

"Wewe mutoto. Sema kweli. Ile ni nani?"

Nimejaribu maisha yangu yote kuuweka mzigo huu kichwani kwa mtu mwingine. Nimeuweka kwa baba, kwa katekista, kwa serikali, kwa mtaa mzima, na hapa juu nimekuwa nikiwatukana tangu mwanzo. Lakini swali hili sikufundishwa jibu lake. Hakuna aliyelifikiria. Baba alinifundisha kumwita mtu mwingine mama. Hakunifundisha kumwita mama yangu kitu kingine. Jibu nilitunga mwenyewe, pale pale, haraka, na mama bado amepiga magoti hatua mbili kutoka nilipo.

"Ni mufanyakazi yetu," nilisema. Na ili asikie vizuri, nilisema kwa nguvu.

Uso wa kijana ulifunguka. Mufanyakazi! Karani mweusi mwenye mtumishi nyumbani! Aliandika mstari mrefu katika daftari lake, akamwonyesha padri, padri akatikisa kichwa kwa kukubali. Nadhani mpaka hapo walikuwa hawajaamua. Mimi ndiye niliyempa baba karte yake.

Mzee wa kichifu alimtazama mama, kisha mimi. Yeye alijua. Mtumishi haondoi sumu. Katika nchi yetu yote hakuna mtumishi aliyewahi kumwondolea mgeni sumu. Alikuwa ameonjewa na mwenye nyumba, na alijua ameonjewa na mwenye nyumba. Kijana alipomuuliza kama ana neno, alisema hana. Wazee wetu walikuwa na hekima, wanasema watu. Ndiyo, na siku ile hekima hiyo ilijua kunyamaza vizuri sana.

Walipoondoka mtaa ulilipuka. Walipiga vigelegele, walileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakanywa kwa mrija mmoja, mdomo baada ya mdomo, waevolue na wasioendelea. Kila mwenye uma alikuja kuuchukua uma wake na kusifiwa. Mimi nilibebwa mabegani. "Mutoto ana akili!" walisema. "Ameokoa baba yake!" Katekista alinipa medali ya Bikira Maria.

Nilipochoka kubebwa nilikwenda jikoni, nina njaa. Mama alikuwa anaosha vikombe vya mama wa Butembo kama alivyoagizwa. Aliponiona aliinuka. Akapangusa kigoda kwa kitenge chake, akakiweka mbele yangu. Akanipakulia maharage kwenye sahani, si kwenye bakuli langu la kila siku. Akaniwekea uma. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasimama na mikono yake imefungwa tumboni.

"Mamzele, chakula iko tayari."

Ndivyo watumishi walivyowaita binti za Wazungu. Nilicheka. Nilidhani anacheza. Nikala, naye akabaki amesimama, na nilipomaliza akachukua sahani, akaiosha.

Siku moja, walisema. Lakini baada ya karte, kijana wa Kizungu alisali misa yetu kila Jumapili, na mtu hawezi kubadilisha mke kati ya Jumamosi na Jumapili. Dada wa katekista akakaa benchi la mbele na baba, na mimi katikati yao, soksi nyeupe. Mama alisimama nyuma na wanawake wa shamba. Hakulalamika kwa baba. Hakugombana na yule dada, hata alimfulia gauni lake. Mimi hakunipiga, hakuninyima kitu. Kila Ijumaa niliporudi kutoka kwa masista alinivua viatu, akavipiga rangi. "Mamzele anataka maji?" "Mamzele amechoka?" Nililia, nilikasirika, siku nyingine nilinyamaza mpaka Jumapili ili anichoke. Hakuchoka. Jina langu lilikufa mdomoni mwake.

Uhuru ulipokuja, karte ikawa karatasi. Wale wale waliopiga vigelegele walimcheka baba barabarani, wakamwita mbwa wa Wazungu, na katekista aliing'oa picha yake ya mfalme kabla jua halijapanda. Dada yake alikuwa amekwisha kuolewa na dereva wa Bukavu. Mabenchi ya mbele yakawa ya yeyote. Baba akamwomba mama warudi kukaa pamoja kanisani, na mama akakaa naye, kana kwamba alikuwa ametoka kidogo tu nje akarudi. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimfuata shambani asubuhi, nimevaa gauni langu la shule, nikapiga magoti kwenye matuta mbele yake. Nilimwambia kila kitu, kwamba hawakunifundisha, kwamba nilitunga mwenyewe, kwamba najua. Nilimwomba aniite mwanangu, mara moja tu, hata kwa hasira.

Aling'oa gugu alilokuwa amelishika, akalikung'uta udongo, akaliweka kando. Kisha akanishika kiwiko, kwa upole, kuniinua.

"Mamzele asimame," alisema. "Robe itachafuka."